Alkhamisi za Turkiya

Mwaka 1985, katika chuo cha ualimu cha wasichana huko Nizwa, Oman, wanafunzi tisa walichaguliwa kati ya mia mbili wakafunguliwa darasa lao peke yao. Wenzao waliliita Darasa la Juu. Walisomeshwa hisabati za chuo kikuu, wakapewa ufunguo wa maktaba, na aliyemaliza alitarajia kupelekwa Amman, Jordan, kutafuta shahada. Sharti lilikuwa moja: kila Alkhamisi, wenzao wakienda makwao, wao wabaki kusoma. Ukikosa mara tatu, umejitoa.

Turkiya binti Marzouq, wa Ibra, ndiye aliyeongoza kwa alama kati ya wote tisa. Na ndiye aliyekwishakosa mara mbili.

Yote yalianzia kwenye chupa. Bibi yake, Bi Khole, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, alipewa spitali dawa ya magoti. Bi Khole alikhitimu Kurani akiwa na miaka tisa. Alivaa miwani, akaisoma ile karatasi ya Kiarabu ya chupa mwanzo mpaka mwisho, kwa tajwidi, akivuta panapovutwa, sauti tamu hata Azzan, kaka yake Turkiya, akaacha kula amsikilize. Kisha akafungua kifuniko akanywa vijiko viwili.

Karatasi ilisema: ya kupaka tu, ni hatari kuinywa.

Alilazwa siku tatu. "Lakini niliisoma!" alikuwa akisema. "Wallahi niliisoma yote!"

Na kweli aliisoma. Wanawake wengi wa Kiarabu waliohamia Oman kutoka Unguja walikuwa hivyo hivyo: kusoma herufi wanajua, maana hawaijui. Katika darasa la kufuta ujinga walisoma bila ya kukwama, mwalimu akawasifu, akafungua ukurasa mwingine. Hakupita mtu kuwauliza wamefahamu nini, na wao wenyewe wasingethubutu kusema. Mwarabu gani huyo asiyejua Kiarabu? Aibu hiyo waliibeba kimya, miaka na miaka, na hakuna ofisi iliyoiona.

Turkiya aliiona. Alkhamisi zile mbili alizokosa, aliwakusanya wanawake kumi na mmoja ukumbini kwa Bi Khole. Kanuni yake ilikuwa kali: hakuna kughani. Soma neno, lieleze kwa Kiswahili, ndipo uende la pili. Walisoma chupa za dawa, bili za umeme, ripoti za skuli za wajukuu.

Jumanne moja Ustadha Fawziya, msimamizi wa Darasa la Juu, alimwita ofisini.

"Kesho kutwa ukiondoka, usirudi darasani kwangu," alisema. "Nakuomba, binti yangu, si kwamba nakutisha. Nenda Amman, ukirudi utafundisha mia badala ya hao kumi na mmoja. Nimekosea?"

Turkiya alilijua jibu. Ustadha hakukosea. Siku mbili msichana yule hakula vizuri.

Alkhamisi asubuhi Azzan alifika getini na pikapu yake kama zile Alkhamisi mbili. Pembeni yake alikaa Bi Khole, buibui limefungwa sawasawa, uso umekunjwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Usipande gari hii."

"Bibi..."

"Usinibibi! Azzan kashaniambia, ukikosa na leo umejitoa. Mie nimeishi miaka sitini sifahamu, hiyo miaka ya kukungoja ndiyo itaniua?"

"Nusura ikuue chupa," alisema Azzan.

"We endesha gari, mdomo uuache!"

Turkiya hakubishana. Aliuona mkoba wa bibi yake, akatoa chupa mpya ya dawa ya kifua, akampa. "Nisomee, Bibi. Ukiifahamu yote, nabaki."

Bi Khole alivaa miwani. Neno la kwanza sauti ilitaka kupanda, akaikamata. Akaanza upya, polepole, kidole chini ya kila neno. "Kijiko... kimoja. Baada ya... kula. Mara tatu... kwa siku." Akatabasamu. Kisha kidole kikasimama. Akakivuta nyuma, akakirudisha pale pale.

"Hili la mwisho silijui," alisema kwa sauti ndogo.

Turkiya aliliangalia. Lilikuwa neno la kukataza kuzidisha dawa.

Akaingia ndani ya chuo, akaweka ufunguo wa maktaba juu ya meza ya Ustadha Fawziya, akambusu kichwa, akatoka. Wapo watakaosema alipoteza bahati yake. Na waseme! Shahada zinagawiwa kila mwaka. Mtu wa kukaa chini na watu wake, neno kwa neno, hapatikani kila mwaka.

Bi Khole alinuna njia nzima. Azzan alijaribu kumchekesha, akashindwa. Walipoupita mji wa Sinaw, bibi alifungua mkoba wake, akatoa ile chupa, akamgeukia mjukuu wake.

"Haya basi, mwalimu," alisema. "Hilo neno maana yake nini?"