Mshubiri wa Mama

Juzi pale sokoni Owino mwanamke mmoja alikata jani la mshubiri ili mteja aone utomvu wake, na ile harufu kali ikanirudisha uani kwetu Kyebando, nilipokuwa na miaka saba.

Mama alikuwa na mshubiri mmoja kwenye debe bovu. Aliung'oa porini nyuma ya nyumba yetu kule Kongo, akavuka nao mpaka ukiwa umefungwa ndani ya kitenge. Ulipochipua, alitenga machipukizi, akayaacha kivulini hadi vidonda vyake vikauke, ndipo akayapanda kwenye makopo yenye mchanga mkavu.

Siku aliyokwenda kujifungua aliniambia, "Usiimwagie maji mimea yangu, mwanangu. Hiyo imezoea jua."

Alikawia hospitalini. Nilimkumbuka mno, nikaona na mimea yake ina kiu. Kila asubuhi niliimwagia kikombe cha maji, na jioni kingine.

Alirudi bila mtoto, shangazi amemshika mkono. Hakulia. Aliuliza tu kama nimekula. Kisha akaenda uani, akagusa majani, yakang'oka yenyewe, yameoza na kunuka. Alifukua kila kopo kwa vidole akitafuta hata chipukizi moja lililo zima, asilipate.

"Uliimwagia maji?"

"Ndiyo, mama. Kila siku. Nilitaka uikute imekua."

Hapo ndipo alipoketi chini, mikono imejaa matope, akanipakata kama mtoto mchanga, akalia mpaka majirani wakaja.