"Ha" Iliyobaki Juu

Maurine Buya huandika programu za simu hapa Garsen, katika chumba tunachopanga pamoja nyuma ya duka la mbegu. Mimi hutengeneza simu zilizoharibika, yeye huziharibu kwa programu zake. Ndivyo ninavyomtania, naye hunirushia maganda ya njugu.

Anayoipenda zaidi ni ile inayowaarifu wakulima wa kando ya Tana kama mto utafurika. Kila asubuhi huwatumia picha ya mto na sentensi moja. Aliitengeneza hasa kwa ajili ya mama yake, Mama Rachael wa Kulesa, ambaye nyumba yake iko bondeni. Mafuriko yaliyopita yalimkuta kitandani, na tangu hapo mvua ikinyesha Maurine hana raha.

Siku moja mama akapiga simu, hasira tupu.

"We Maurine, maji yako wapi? Tumehama kijiji kizima, twayangoja huku juu kama twangoja bwana harusi!"

"Mama, niliandika maji hayatapanda!"

"Yatapanda! Nasoma hapa, yatapanda!"

Tukapanda bodaboda hadi Kulesa. Kumbe mama, kwa sababu ya macho, alikuwa amekuza herufi hadi mwisho. Neno likakosa nafasi, likakatika. "Ha" ikabaki juu ukingoni, na chini yake "yatapanda" ikasimama peke yake, nene na jeuri, naye akawasomea majirani hivyo hivyo. Nilicheka hadi machozi.

Maurine hakucheka. Majirani walikuwa wakirudisha magodoro huku wakiapa kwamba hawatahama tena kwa maneno ya simu, na hilo lilimchoma. Akafungua kompyuta palepale ukumbini kwa mama.

Sentensi aliifuta, akaweka neno moja fupi: Kaeni, au Hameni. Alipolijaribu, simu ya mama ikapata moto na programu ikajifunga. Tukatafuta hadi tukaona kwamba kila picha ya mto iliyofunguliwa ilibaki kwenye kumbukumbu ya simu, hata mama alipomaliza kuitazama. Programu haikuachia hata moja.

"Imekurithi, Mama," nikasema, maana Mama Rachael hatupi hata kopo lililotoboka. Mama akanisonya. Maurine akaongeza amri ya kuachia picha ikishatazamwa, na simu ikapoa.

Mvua za vuli zilipokuja, asubuhi moja alituma: Hameni. Kisha akampigia mama. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, nami utani wote ukanikauka mdomoni. Mwishowe simu ikapokelewa, kuku wakipiga kelele.

"Wanisumbua nini? Nimeshika jogoo!"

"Mama, umehama?"

"Tuko njiani."

"Na majirani?"

"Wako mbele, mie ndiye wa mwisho. Kwani si umesema tuhame?"

Maurine akaiweka simu mezani, akalia, huku akicheka.