Jiwe la baba yake Dolma, na kiboksi kilichonitoa Richardson hadi Houston

Wakuu, salaam kutoka Texas. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Asiyeamini aje Richardson nimwonyeshe jiwe lenyewe, lipo chini ya meza yangu.

Nafanya kazi Plano, kwenye ofisi ya mawe ya kumbukumbu. Sisi tunaandaa faili kwenye kompyuta. Karakana ipo Houston, huko ndiko mashine inachonga.

Jirani yangu Dolma ni nesi, Mtibeti. Mwanangu alipobanwa kifua, yeye ndiye aliyekaa naye mpaka ambulance ikafika.

Sasa akafiwa na baba yake. Kwao siku ya arobaini na tisa ndiyo kubwa, kama sisi na arobaini zetu. Akaniomba jiwe dogo la siku hiyo, lenye jina la mzee na dua ya mistari miwili kwa maandishi yao.

Nikamwambia dada, hilo niachie mimi. Mdomo wangu huu!

Maandishi yao yanafunguliwa na alama fulani, kama kikonyo cha boga kilichojikunja. Haitamkwi, inakaa mwanzoni tu. Alipotuma email, herufi zote zilikuja vizuri isipokuwa hiyo. Mahali pake nikaona kiboksi kitupu.

Ofisini kwetu kiboksi ni takataka. Ndivyo tulivyofundishwa: ukikikuta futa, faili iende safi. Nikafuta, nikamtumia sampuli kwa mbwembwe zote.

Akanipigia. Akauliza kwa upole, kichwa cha dua kimeenda wapi?

Nikakirudisha, nikafungua ticket ya kuomba msaada kwa watu wa IT. Jamaa wa huko akajibu eti character hiyo haipo, nimwombe mteja abadilishe. Abadilishe dua ya baba yake! Nilishaanza ku-type tusi, nikakumbuka visa yangu ipo mikononi mwa ofisi hii hii.

Nikatafuta mwenyewe. Kumbe kila herufi ina namba yake ambayo kompyuta zote zinaitambua, na hiyo alama ina namba yake miaka mingi tu. Shida ni fonti yetu ya kale, haina umbo lake. Nika-download fonti nyingine, alama hiyo ikatokea imekaa kwa raha zake. Nikatuma faili Houston.

Fundi wa kule ni Mkenya, anaitwa Kamau. Kwa kuogopa naye asije akafuta, nikampigia.

"Kamau, humo usiguse kitu. Chonga kama unavyoona."

"Sawa boss, relax."

Wakuu, kompyuta ya Kamau haikuwa na ile fonti.

Zimebaki siku mbili ifike ile ya arobaini na tisa, picha ya jiwe inaingia kwenye simu. Dua imechongwa vizuri mno, na mwanzoni kuna kiboksi. Kimezama ndani ya jiwe, pembe zote nne zimenyooka.

Nikampigia huku nafoka.

"Si ulisema nisiguse kitu?" akanijibu. "Mimi nimechonga venye nimeona."

Ningemlaumu kwa lipi? Nilikaa kwenye gari pale parking nikapiga usukani mpaka mkono ukauma.

Kesho yake alfajiri nikaondoka, masaa manne barabarani, laptop kiti cha pembeni. Karakana haipo mbali na mtaa wa Gulfton. Nikaigeuza ile alama kuwa mchoro wa kawaida usiohitaji fonti yoyote, kazi ya dakika moja ambayo ningeweza kuifanya tangu siku ya kwanza. Kamau akaweka jiwe jipya. Tukasimama wawili kuangalia mashine.

Nikalipeleka kwa Dolma jioni ile ile. Hata hakusoma. Aliweka kidole juu ya ile alama, akakiacha hapo.

Akasema baba yake ndiye aliyemfundisha kuandika, na siku ya kwanza alimfundisha hiyo tu, kabla ya herufi yoyote.

Nilikosa pa kuangalia. Mimi niliifuta kwa kidole kimoja, nikitafuna bisi.

Nilichojifunza: kile kiboksi ni kompyuta inakiri kwamba haijui. Mimi pia sikujua, ila sikukiri, nikafuta.

Mlioko kwenye printing, IT na mahospitali, vikija viboksi kwenye majina ya watu mnafanyaje? Na mwenye wazo kuhusu jiwe la kwanza aseme. Kulitupa nimeshindwa, jina la mzee lipo.