Kemia Haimezwi

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Ni siku niliyosimama pale Butembo mbele ya orodha ya waliofaulu concours, mtihani wa kuingia masomo ya udaktari, nikatafuta jina langu mara tatu na halikuwapo. Nilikuwa wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo. Mama alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa parokia kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari.

Hasira iliyonipanda sijui niieleze vipi. Nilirudi nyumbani nikisema wameniibia. Nilisema nafasi wamepewa watoto wa maofisa waliotumwa huku kutoka majimbo mengine, na kwamba Monsieur wetu wa kemia, naye mgeni vilevile, hakutufundisha kitu. Baba yangu, mfanyabiashara asiyejua kunyamaza, akavaa koti, akaenda hadi bureau, ofisi ya shule, na kumtukana mwalimu yule mbele ya wenzake. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeinua shingo. Hadi leo naona aibu.

Maana ukweli ni kwamba Monsieur alipenda sana kueleza. Akifika kwenye asidi na besi, au kwenye hesabu za moli zinazowatoa watu jasho, aliweka chaki chini akaanza kutuuliza kwa nini hiki, kwa nini kile. Sisi tukagonga madawati na kuimba kwa pamoja: dikte, Monsieur, dikte! Tulitaka atusomee muhtasari tuuandike daftarini, twende nao nyumbani tukaumeze. Kwetu mwanafunzi hodari alikuwa yule anayesema ukurasa mzima bila kuangalia. Mwishowe mwalimu alichoka, akakubali kudikte. Nani asingechoka?

Basi concours ikauliza: ukichanganya asidi ya siki na soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, hadi zitoshane, pH itakuwa juu ya saba, saba, au chini yake, na kwa nini? Nikaandika saba bila kufikiri. Ndivyo daftari langu lilivyosema, ila daftari lilizungumzia asidi kali. Ya siki ni dhaifu. Chumvi yake inayobaki hunyakua hidrojeni kutoka kwenye maji, na pH hupanda juu ya saba. Penye "kwa nini" niliacha nafasi nyeupe. Sasa niambie, hapo niliibiwa nini?

Mama akanipeleka Alimbongo nikapoe, kwa kaka yake aliyekuwa muuguzi wa kituo cha afya. Baridi ya kule ilinipoza mwili tu. Wiki nzima nilimlalamikia mjomba huku akiosha vidonda vya watu. Asubuhi moja akaniambia nitengeneze maji ya klorini ya kuoshea kidonda cha mama mmoja kutoka Kipese, aliyejikata mguu kwa jembe. Nikafurahi, maana zoezi hilo nilikuwa nalo kichwani: kipimo kimoja cha javel, yaani klorini ya chupa, vipimo tisa vya maji. Nikapima, nikakoroga, nikaleta beseni huku nikimtajia mjomba na kanuni yake.

Mjomba akainama, akanusa. Kisha akalisogeza beseni upande wangu, mgonjwa akiangalia.

"Kama hii maji iko muzuri," akasema polepole, "tia mukono yako kwanza."

Mvuke ulikuwa unanichoma macho. Mkono haukwenda, mwanangu. Akaichukua chupa akaniamuru nisome karatasi iliyobandikwa juu yake. Javel ya zoezi letu la shule ilikuwa ya asilimia tano. Hii ilikuwa ya kumi na mbili. Ilitaka vipimo ishirini na tatu vya maji, si tisa. Ningemchoma mama wa watu kidonda kwa sababu nilimeza jibu na sikusoma chupa.

"Batakuletea bagonjwa, hapana bale ba mu daftari yako," mjomba akasema. "Na usiseme tena balikuibia."

Nilikasirika tena, lakini safari hii nilimjua wa kumkasirikia. Mficha uchi hazai. Nikarudi Butembo, nikaenda peke yangu kwa Monsieur kumwomba radhi. Hakunibembeleza. Alinipa chaki.

"Leo hapana kudikte," akasema. "Ni weye utanieleza, mimi nitauliza: juu ya nini, sababu gani?"

Mwaka mzima, kila Jumamosi, alinikatiza. Nikisema chuma kimeoksidika, anauliza elektroni zimekwenda wapi. Nikiandika jibu, anabadilisha namba na kunirudisha mwanzo. Kuna siku nililia pale ubaoni kwa hasira. Concours ya pili ilileta maswali ambayo sikuwahi kuyaona, nami nikayajibu. Ndivyo nilivyopata kuwa daktari.

Sasa jana, hapa kwangu Bungulu, mjini Beni, nimekukuta na wenzako mnakaririshana herufi kutoka kwenye karatasi ya majibu ya concours inayozunguka katika simu: la kwanza B, la pili D, la tatu A. Hata maswali yenyewe hamkuyasoma! Mtampasua mtu tumbo kwa herufi? Watu wa Beni wamezika vya kutosha, mwanangu. Hawastahili daktari wa kubahatisha, na mimi siwezi kunyamaza eti kwa kuwa wewe ni damu yangu.

Sikia basi. Mada ile inayokutisha, ile unayoiruka kila ukifungua daftari, anza nayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila zoezi ulibadilishe namba mwenyewe, asidi kali uifanye dhaifu, uone kama jibu lako bado linasimama. Mweleze mwenzako kwa maneno ya nyumbani, na akikuuliza sababu ukakwama, rudi kwa mwalimu ukaulize, maana kuuliza si ujinga. Ukishindwa, usitafute wa kumtukana. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Na nikwambie wazi: ukipita kwa karatasi ile, siku nikiugua usinikaribie. Ukipita kwa akili yako, nitajilaza mbele yako bila woga, hata kama kisu kiko mkononi mwako. Mungu akulinde barabarani hadi Butembo, akupe subira ya kusoma swali mpaka mwisho wake, na watakaokuja kwako wakilia warudi makwao wakitembea. Amina.