Mipichesi ya Nyuma ya Jiko

Nilimwahidi bibi yangu kwamba sitaigusa mipichesi yake kwa msumeno, mwaka wowote, kabla baridi ya Julai haijapita. Nilikuwa naondoka kwenda chuo cha kilimo. Akacheka, akasema wasomi husahau hata njia ya kisimani.

Ungeijua mipichesi ile, ndugu msomaji, ungenielewa. Ilikuwa minne, nyuma ya jiko lake kule Mdandu, na kila Agosti ilijaa maua ya rangi ya waridi kabla haijatoa jani hata moja. Desemba tuliamka na ndoo kuokota mapichesi yaliyoanguka. Manyoya ya matunda yaliwasha shingoni, utomvu ulinata vidoleni, na nyama yake ilikuwa nyeupe, yenye wekundu karibu na kokwa. Mazuri yalikwenda Makambako kwa gari la mfanyabiashara mmoja, aliyezoea kumtania bibi kwamba angemwoa kwa ajili ya miti tu. Yaliyopondeka yalikuwa yetu. Kokwa hatukuruhusiwa kuzitupa: bibi alizianika kivulini, na kila mgeni aliyeaga alipewa mbili.

Pasaka ya mwaka wangu wa mwisho chuoni nilirudi na msumeno. Miti ilikuwa imezeeka, matawi yamesongamana, nami niliamini naweza kuirudishia ujana. Bibi akiwa kanisani, nilikata mpaka yakabaki mashina na vigutu. Aliporudi alizunguka shina moja moja, akipapasa majeraha.

“Mjukuu wangu,” alisema, “umeivua nguo, na baridi iko njiani.”

Mvua za mwisho zilileta machipukizi laini, nikajipongeza. Juni umande uliganda juu ya nyasi, na machipukizi yote yakawa meusi. Agosti miti haikuchanua. Mwaka uliofuata magome yalibanduka, tukaipasua kuni. Bibi alipikia ugali kuni zile bila kunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nyuma ya jiko sasa pana jua tupu. Kokwa za akiba ziliisha, na wageni huaga mikono mitupu. Macho ya bibi yamefifia, na kumbukumbu pia. Desemba akisikia ndoo ikigonga, huuliza kama mapichesi yameanza kuanguka.

Kama wewe, au mama yako, mliwahi kuaga nyumba ile mkapewa kokwa mbili, na kama mti wake ungali hai, naomba kokwa moja. Nitaifuata mwenyewe.