Mashine Iliyokataa Kuwaka

Tajiri wa malori alizungumza na baba akiwa ameshika mlango wa gari lake dogo, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama mtu ambaye ameshaondoka zamani.

"Fundi, mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Lakini haya magari ya sasa hayasikilizwi kwa bisibisi. Tafuta mashine ya kuyapima. Jumamosi nakuletea lori moja, ulipime mbele ya macho yangu. Ukishindwa, yote nayapeleka Tanga, na usije ukaninunia."

Baba akacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika chakula chake cha mchana, na kicheko kile nilikijua. Ndicho alichocheka siku tuliyompeleka mama hospitali ya wilaya na muuguzi akamwambia asubiri nje.

Gereji yetu iko Korogwe ya zamani, ukishuka kuelekea mtoni. Kila kitu kilikuwa kinaingia pale: matrekta, pikapu za machungwa kutoka Kerenge, hata mashine za kusaga. Lakini hayo yalikuwa ya kupita tu. Kilichotuweka mjini ni malori ya yule tajiri, yaliyobeba mkonge kutoka Mazinde, halafu yakaenda Handeni kuchukua mahindi. Yakihamia Tanga, tungebaki kuziba pancha za baiskeli. Baba hakulisema hilo nyumbani. Mama ndiye aliyelisema, tena mara moja tu, huku anapepeta mchele: "Na huyu shule yake?" Huyu ni mimi.

Baba alijifunzia ufundi kwenye mashamba ya mkonge yalipokuwa bado ya serikali. Alikuwa anaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia nozeli ipi ya kunyunyiza dizeli imechoka. Kisha mashamba yakauzwa kwa watu binafsi, na kila mwenye uwezo akawa anaagiza lori lake kutoka Ulaya. Malori hayo yakaja na kontrol boksi, kasha lililofungwa kabisa ambalo ndilo linaloamua dizeli iingie kiasi gani. Likiona kasoro linawasha taa ya manjano kwenye dashibodi. Baba hakuipenda ile taa hata kidogo. Aliiita mmbeya. "Injini inavuta, haitoi moshi, sasa hii inalalamikia nini?" Madereva nao hawakuipenda, maana tajiri akiiona anawauliza wameliharibu vipi gari lake. Basi gerejini kwetu ikawa mazoea: taa ikiwaka bila sababu inayosikika kwa sikio, inazimwa.

Mashine zilikuja Ijumaa mchana na kijana mmoja muuza vipuri kutoka Dar, wa zile bidhaa zinazotoka Dubai. Alikuwa nazo mbili, na uwezo wetu ulikuwa wa moja. Baba akazipanga mezani, akafuta mikono, akanisukumia vitabu vyake vya maelezo.

"Wewe ndiye unayesoma Kiingereza. Soma, kisha uniambie ipi."

Nilikuwa kidato cha tatu, niko likizo. Kitu ambacho baba hakukijua ni kwamba darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Kwenye karatasi nilifanya vizuri, lakini nikisimamishwa nijibu, maneno yalikuwa yanaishia kooni, na wenzangu walishazoea kunihesabia moja, mbili, tatu mpaka nikae. Sasa gereji nzima ilikuwa imesimama juu ya Kiingereza changu. Nilisoma jioni ile na kamusi mapajani. Maneno mengi hayakuwa ya shule. Mashine ndogo ilikuwa nyekundu, nyepesi kama redio ya mkononi, ina betri zake yenyewe na nyaya nyingi za kuunganishia magari tofauti. Kubwa ilikuwa ya kijivu, ndani ya kisanduku chake, nzito, wala haikuwa na mahali pa kuweka betri. Kitabu cha ile ndogo kilitaja volti kumi na mbili. Lori lina betri mbili, volti ishirini na nne, hilo nalijua tangu utoto. Lakini sentensi yenyewe ilikuwa ndefu, na sikuwa na uhakika kama inaonya au inajisifu.

"Nadhani ile kubwa, baba."

"Unadhani?"

"Ndiyo."

"Mimi kesho siwezi kumwambia yule mtu kwamba binti yangu anadhani."

"Kubwa," nikasema. Baba akatikisa kichwa kukubali, akaenda kunawa. Jioni ile tulikula ugali. Kila nilipomeza niliona ile sentensi ndefu.

Jumamosi tajiri akaja na lori jeupe, lile lenye madigadi iliyobonyea. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Ndiye mtaalamu huyu?" akamuuliza baba.

"Ndiye."

"Mbona anatetemeka? Kula kwanza, binti."

Kijana wa Dar akapanda kwenye kichwa cha lori, akachomeka mashine kubwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akawasha swichi. Kioo cha mashine kikabaki cheusi. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Cheusi. Akaibonyeza vitufe vyote. Hakuna kitu.

"Hii imenifia njiani," alisema akishuka. "Mzee, mimi siuzi maiti. Ngoja tujaribu ndogo."

Ile ndogo haikuchelewa. Ilipiga mlio, ikawaka kijani, ikaandika kitu. Tajiri akachungulia na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Hii ndiyo. Inaishi. Imeandika nini?"

"Inatafuta, bosi," kijana akasema. "Inahitaji muda kuzoeana na gari."

Mimi niliyasoma yale maandishi kutoka chini. Yalisema haioni gari lolote. Ilikuwa imewaka kwa betri zake tu.

Baba akanigeukia. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angefoka. "Si ulisema kubwa?"

Nikafungua kitabu cha ile kubwa, si kwa akili, ni ili nisimtazame. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa matatizo. Ulisema, kwa sentensi fupi safari hii, kwamba mashine inachukua umeme kutoka kwenye soketi ya gari, na kioo kikibaki cheusi, tazama fyuzi ya soketi.

Nikalitazama lile lori. Likizo ya Pasaka mimi ndiye niliyemmulikia baba tochi chini ya dashibodi ya lori hili hili. Taa ya manjano ilikuwa imewaka na dereva anataka kuondoka. Balbu yake ilikuwa ndani sana, haifikiki, kwa hiyo baba akawa anachomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku injini inanguruma, mpaka taa ikazimika. Injini ikaendelea kunguruma vilevile. Dereva akapiga makofi. Ile fyuzi baba aliitia mfukoni, na baadaye akaitumia kwenye honi ya lori jingine. Basi soketi na taa vilikuwa vinakula umeme kupitia fyuzi ile moja.

Nikiwa kimya, tutanunua mashine ya magari madogo, na siku itakapochomekwa kwenye lori lenye fyuzi yake, volti ishirini na nne zitaikaanga, na malori yataenda Tanga. Nikisema, tajiri atajua kwamba fundi wake ndiye anayemzimia taa, na malori yataenda Tanga. Njia zote mbili zilikuwa zinaelekea Tanga.

Baba akaanza kuifunga ile nyekundu kwenye boksi lake. Nikasogea, nikamnong'oneza sikioni.

"Sisikii. Sema kwa sauti."

Nikanong'ona tena.

"Sista, redio yako iko chini," kijana wa Dar akasema. "Ongeza kidogo."

"Sema, mwanangu," baba akasema, subira imeshamwisha. "Hapa hakuna simba."

"Fyuzi," nikasema. "Mashine haina betri, inakula umeme wa soketi. Na fyuzi ya soketi haipo. Uliichomoa wewe Pasaka, ulipokuwa unazima taa."

Nilisema yote kwa pumzi moja, na sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani. Mtu aliyekuwa anagonga bati kwenye ua wa jirani akaacha. Labda aliacha kwa mambo yake, ila mimi niliona ameacha kwa ajili yangu.

Tajiri akamtazama baba. "Kumbe ile taa haikupona. Iliuawa."

"Dereva wako aliomba."

"Dereva wangu ndiye fundi?"

Baba aliingia ndani, akachakura kwenye kopo la vipuri, akatoka na fyuzi, akapanda kwenye lori bila kumtazama mtu. Tulimsikia anafungua kifuniko chini ya dashibodi. Kisha taa ya manjano ikawaka. Kijana wa Dar akachomeka mashine kubwa, na kioo chake kikajaa maandishi. Akakisogeza dirishani nikisome.

Kulikuwa na kasoro kadhaa zimeandikwa moja chini ya nyingine. Nyingine sikuzielewa na nikasema sizielewi. Moja niliielewa. "Inasema hewa inayosukumwa kwenye injini haitoshi."

Baba akashuka, akaingia chini ya lori, akaanza kupapasa mpira mnene unaotoka kwenye tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini. Alipapasa taratibu mpaka kwenye klampu inayoukaza, akaisogeza, na vidole vyake vikasimama. "Umepasuka kwa chini," akasema. "Hapa gari likiwa limesimama huwezi kulisikia hili. Unafunguka likiwa na mzigo."

"Dereva ananiambia halipandi mlima," tajiri akasema, kama anaongea peke yake. "Na mimi namwambia mvivu."

Akazunguka lori, akapiga teke tairi, akarudi. Nilikuwa nimeshika bomba la uzio na sikuweza kuliachia.

"Nichukue ipi, bosi?" kijana wa Dar akauliza. "Yaani, niwaachie ipi?"

"Muulize aliyesoma."

"Kubwa," nikasema.

"Fundi, magari yanabaki," tajiri akasema. "Lakini utayafungua yote, moja moja, taa zangu zirudi. Kwa mkono wako na kwa fyuzi zako. Na kuanzia leo taa ikiwaka iachwe iwake, mpaka mtu aniambie inasema nini." Akanitazama. "Na huyu akirudi shule, nani ataniambia?"

Baba alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa cha grisi. "Nitasoma mwenyewe," akasema.

Tajiri akataka kucheka, akaghairi. Akaondoka na gari lake dogo, akaliacha lori.

Tulipobaki wawili, baba akakaa kwenye tairi kuukuu. Kwa muda mrefu alisugua vidole ambavyo vilishakuwa safi.

"Ungeniambia pembeni," akasema.

"Nilikwambia pembeni. Mara mbili. Wewe ukasema niseme kwa sauti."

Sijui nilipata wapi mdomo wa kumjibu hivyo. Yeye akafikiri, akainuka, akanyoosha kidole kwenye kichwa cha lori. Nikapanda upande wa abiria, yeye akakaa kwenye usukani na mashine juu ya mapaja, kama anayebeba mtoto wa watu.

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Baba aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya vyuma. Nilimsomea neno la kwanza, akalirudia kwa lafudhi yetu ya Kizigua hadi likawa neno jingine. La pili likawa hivyo hivyo. Nilitaka kulia: kuna siku lori litasimama pale na mimi niko bwenini, na yeye atakuwa peke yake na kioo hiki. Akabonyeza kitufe, ukurasa ukabadilika. Akabonyeza kingine. Sasa kioo kilikuwa kinauliza kama kasoro zote zifutwe kabisa, na kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye ndiyo.

"Usibonyeze!"

Nilipiga kelele, mimi, nikampigia baba. Kidole kikabaki hewani. Alinitazama, mimi nikatazama miguu yangu.

"Kinataka kufuta," nikasema kwa sauti ya chini. "Kasoro zote. Kama ile fyuzi."

Akarudisha kidole taratibu, akakifuta kwenye suruali.

"Haya," akasema. "Nionyeshe linavyoandikwa hilo neno la kufuta. Hilo kwanza."