Zohari na Bibi Pindo Kwenye Kiti cha Kinyozi

Tap! Ndiyo sauti inayonijia nikimkumbuka Mikdad: mashine ya kunyolea ikizimwa. Mteja akiisikia alijua kichwa chake kimeahirishwa, kwani Mikdad hakuweza kunyoa huku akipima nguvu za majabari wa angani.

Kibanda chake kipo Dunda, Bagamoyo. Hadithi za picha alizisoma kwenye simu, na majina ya Kizungu akayanyoosha ili watu wayashike. Zohari huzima nyota kwa kupuliza, kama mtu azimavyo kibatari. Bibi Pindo hukunja anga kama kanga, akaitupia begani. Mikdad alikuwa wa Zohari. Shuaibu wa bodaboda alikuwa wa Bibi Pindo, na kwa ajili ya ubishi huo abiria wake wengi walizoea kwenda kwa miguu.

Asubuhi moja aliingia Mzee Mwinyijuma kunyolewa ndevu. Watu wakampisha kitini. Mikdad alikuwa amemposa bintiye, Mardhiya, na jibu lilikuwa bado. Mzee alikuja kulitafuta kwa mashavu yake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Taratibu, kijana."

Mikdad alimaliza shavu la kulia kwa adabu zote. Shuaibu, ambaye adabu humchosha, akachokoza mlangoni: "Leo Zohari kaufyata! Bibi Pindo akimkunja, si anaenea kwenye pochi?"

Mikdad akajikaza. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mwoga wewe, na Zohari wako mwoga!"

Tap!

"Nani amkunje Zohari?" Mikdad alifoka. "Zohari hana mwanzo, hana mwisho! Hakuzaa wala hakuzaliwa! Hana wa kufanana naye!"

Kibanda kizima kikasema astaghfirullah. Hata Shuaibu alijishika kofia. Maneno hayo ya kumsifu Mungu kila mtoto wa Dunda ameyasoma kwenye chuo cha Kurani, na hakuna aliyefundishwa kwamba yanamhusu mtu wa katuni.

Mzee Mwinyijuma akageuka, shavu moja laini kama yai, la pili lina kichaka.

"Mshenga wako anakuja kwangu alasiri kuchukua jibu," alisema. "Basi nijibu wewe kwanza. Huyo Zohari kachorwa?"

"Kachorwa, mzee."

"Rangi gani?"

"Zambarau."

"Na aliyemchora ana mama?"

"Bila shaka anaye."

"Sasa mama huyo akimwita mwanawe akale, na kalamu ikawekwa chini, Zohari wako anafanyaje?"

Shuaibu alitoa macho kama anayengoja penalti. Upande mmoja zilikuwapo nyota zote, upande mwingine Mardhiya. Mzee akamgeuzia Mikdad shavu la kushoto, akafumba macho.

Mikdad akainama, akamnong'oneza sikioni, Shuaibu asisikie:

"Anasubiri, baba."